Mgeni Njoo, Mcheza Kwao

Timu ikifungwa mara tatu mfululizo, kila mtu mjini anakuwa kocha. Kinyozi ana kikosi chake kichwani, dereva wa pikipiki ana chake, na mama anayeuza samaki aina ya sambaza sokoni Kamembe anajua fika ni nani hakupaswa kuanza. Wote wanaafikiana juu ya jambo moja: huyu aliyepo aondoke. Wakishafika hapo ndipo mzozo wa kweli unapoanza, maana kumtaja wa kuondoka ni rahisi. Kumtaja wa kuja ndiko kunakogawa watu, mpaka ndugu wa nyumba moja wakalala wamenuniana.

Watu wa Rusizi, mji wa mpakani wa Rwanda liliko soko hilo, wanalijua jambo hili kwa machungu. Espoir FC, timu yao ya soka, ilishuka daraja mwishoni mwa msimu wa 2022/23, na timu haishuki daraja kwa siku moja. Inashuka wiki baada ya wiki, huku mashabiki wakihesabu pointi zilizobaki na kutafuta wa kumbebesha lawama. Wachezaji ishirini na kitu hawafukuziki kwa mkupuo. Bajeti haifukuziki, wala barabara ndefu ya kwenda Kigali kupitia msitu wa Nyungwe, inayoifanya kila mechi ya ugenini kuwa safari ya kuchosha kabla mpira haujachezwa. Kocha ni mmoja, ana jina na uso, na anasimama mbele ya watu mchezo mzima. Kwa hiyo lawama zinamwendea yeye, na kwa kiasi fulani ni haki yake, kwa kuwa sifa nazo zingemwendea yeye.

Sura hii inahusu mpira wa kikapu wa vyuo, mahali ambapo mjadala wa kocha huwa mkali kuliko michezo mingine mingi ninayoijua. Nimeanzia Rusizi kwa sababu mji huu una haki ya kuufuata mjadala huo hata unapofanyika ng'ambo ya bahari.

Rusizi ni mji wa kuvuka. Ukitoka Kamembe ukateremka, unafika mpakani. Ukivuka daraja la mto Rusizi umeingia Bukavu, na Kiswahili ulichokuwa unazungumza upande huu kinaendelea upande wa pili bila kupumzika. Katika vita vya Kivu watu wamevuka daraja hilo kwa maelfu. Juni 2004, Bukavu ilipotekwa na wanajeshi walioasi, Wakongo wengi wa jamii ya Banyamulenge walikimbilia hapa, Cyangugu ya wakati ule. Wengine walikuja kabla ya hapo na wengine baadaye, wakapokelewa katika kituo cha muda cha Nyagatare hapa hapa wilayani, kisha wakapelekwa kwenye kambi za ndani kama Kiziba na Kigeme. Baada ya miaka mingi kambini, sehemu yao walipata makazi Marekani. Jimbo la Kentucky lilipokea Wakongo wengi, na jiji la Lexington limekuwa mojawapo ya miji ya Marekani ambako Kiswahili kinasikika dukani, kanisani na shuleni kila siku. Katika jiji hilo hilo kuna Chuo Kikuu cha Kentucky, na katikati ya jiji umesimama Rupp Arena, ukumbi wenye viti zaidi ya 20,000 vilivyojengwa kwa ajili ya vijana wanaocheza kikapu. Kwa familia iliyopitia Nyagatare, chuo hicho hakiko mbali. Shangazi anaishi karibu nacho.

Nisemee kwanza ukubwa wa jambo lenyewe. Hapa kwetu timu ya chuo ni timu ya wanafunzi: wanafanya mazoezi jioni baada ya masomo, wanashangiliwa na wenzao wa bweni, na wakifungwa wanarudi kusoma. Kentucky ni kitu kingine. Chuo hicho kimetwaa ubingwa wa taifa mara 8, kuanzia 1948 hadi 2012. Jimbo hilo halina timu ya NBA, basi mapenzi yote ya mkulima, mchimba makaa na profesa yamemiminika kwenye timu moja ya vijana wa miaka 19 na 20. Kocha wa timu hiyo hulipwa kuliko gavana, na watu humtambua popote anaposimama.

Mwaka 2009 alikuja John Calipari. Msimu wake wa tatu, 2012, alitwaa ubingwa. Njia yake ilijulikana: alikusanya vijana wenye vipaji vikubwa kuliko wote nchini, akacheza nao msimu mmoja, wakaenda NBA, akakusanya wengine. Kwa miaka kadhaa hakuna aliyelalamika. Mwaka 2019 chuo kilimpa mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya dola milioni 86, na watu wakauita mkataba wa maisha.

Kisha mambo yakaanza kuharibika. Msimu wa 2020/21 Kentucky ilishinda mechi 9 ikapoteza 16, rekodi mbaya kuliko zote kwa zaidi ya miaka 90. Katikati ya msimu huo, Januari 2021, alijiunga na chuo kijana mmoja aliyetokea West Virginia, akasubiri msimu unaofuata ili acheze. Jina lake Oscar Tshiebwe. Alizaliwa Lubumbashi mwaka 1999, jiji ambalo Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya ugomvi wa majirani, akafika Marekani mwaka 2015 akiwa bado mgeni katika mchezo wenyewe. Alichojifunza kuliko kingine chochote ni ribaundi, yaani kuufuata mpira uliokosa kikapu mpaka uwe wako. Msimu wa 2021/22 alipata wastani wa pointi 17.4 na ribaundi 15.1 kwa mechi, akachaguliwa mchezaji bora wa mwaka wa vyuo vyote vya Marekani. Kwa Wakongo wa Lexington, hakuna haja ya kueleza zaidi.

Lakini mchezaji bora wa nchi hakuweza kumwokoa kocha wake. Machi 17, 2022, katika mechi ya kwanza ya mashindano ya kitaifa, Kentucky iliyopangwa namba 2 katika kundi lake ilikutana na Saint Peter's, chuo kidogo cha Wajesuiti kutoka Jersey City kilichopangwa namba 15. Tshiebwe alifunga pointi 30 na kuchukua ribaundi 16. Saint Peter's ilishinda 85 kwa 79 katika muda wa nyongeza. Mwaka uliofuata Tshiebwe alirudi chuoni, jambo ambalo wachezaji bora wa taifa hulifanya kwa nadra, na katika mechi yake ya mwisho dhidi ya Kansas State akapata pointi 25 na ribaundi 18. Kentucky ikafungwa tena. Naona hapa ndipo shabiki yeyote, wa Lexington au wa Kamembe, anapokuwa na hoja nzito: mchezaji amefanya kila kilichowezekana, basi nani mwingine aulizwe?

Machi 21, 2024 ndiyo ilikuwa tone la mwisho. Chuo cha Oakland kutoka Michigan, kilichopangwa namba 14, kiliifunga Kentucky 80 kwa 76. Mchezaji mmoja aliyeanzia benchi, Jack Gohlke, alitumbukiza mitupo 10 ya pointi tatu. Mashabiki walitaka Calipari aondoke kesho yake asubuhi. Walisahau mkataba. Kumfukuza kungekigharimu chuo zaidi ya dola milioni 33, na siku chache baadaye mkurugenzi wa michezo, Mitch Barnhart, alitangaza kwamba kocha anabaki.

Hebu tusimame hapo. Watu walikuwa na hasira ya haki, walikuwa na ushahidi, na wakagundua kwamba mjadala wao hauna mlango wa kutokea. Uamuzi ulikwisha kufanywa mwaka 2019, siku ya kusaini, wakati kila mtu alikuwa na furaha na hakuna aliyetaka kusoma kifungu cha kuvunja mkataba. Mashabiki hujadili kocha wakati timu inapofungwa, ilhali nguvu yao ingefaa zaidi wakati timu inaposhinda.

Aliyewafungulia mlango ni Calipari mwenyewe. Mwanzoni mwa Aprili chuo cha Arkansas kilimwita naye akaenda, akiwaaga watu kwa kusema kwamba huenda programu ya Kentucky inahitaji kusikia sauti nyingine. Ghafla kiti kilikuwa wazi, na jimbo zima likaanza kutaja majina.

Majina yalikuwa makubwa. Dan Hurley alikuwa ametoka kutwaa ubingwa wa pili mfululizo na Connecticut, akabaki kwake. Scott Drew alikuwa ameipa Baylor ubingwa mwaka 2021. Aprili 11 akasema haendi kokote. Billy Donovan, bingwa mara mbili na Florida, alikuwa anafundisha Chicago Bulls. Kila jina lililokataa liliongeza uchungu, kwa kuwa watu waliona wanakataliwa wao, jimbo lao na historia yao. Kisha Aprili 12 likatangazwa jina ambalo wachache walilitarajia: Mark Pope wa Brigham Young.

Wengi walikasirika. Pope hakuwa ameshinda hata mechi moja ya mashindano ya kitaifa akiwa kocha mkuu. Jambo moja tu lilimtetea: mwaka 1996 alikuwa mmoja wa manahodha wa kikosi cha Kentucky kilichotwaa ubingwa chini ya Rick Pitino. Mcheza kwao hutunzwa, walisema waliomkubali, kwa maneno ya lugha yao. Siku mbili baadaye alitambulishwa Rupp Arena. Ukumbi ulijaa, watu kama 20,000, siku isiyokuwa na mechi. Aliingia na wachezaji wenzake wa 1996, akawaambia watu kwamba anajua jezi ile ni ya nani. Waliokuwa wamekasirika Ijumaa walikuwa wanalia Jumapili.

Ningependa kukuambia kwamba machozi yale yalitosha. Hayakutosha, na hapa ndipo kazi yenyewe inapoonekana. Pope alikuta chumba kitupu: hakuna hata mchezaji mmoja wa msimu uliopita mwenye ufadhili wa chuo aliyebaki. Alilazimika kutafuta kikosi kizima ndani ya wiki chache, akaokota wachezaji wakubwa kiumri kutoka vyuo mbalimbali, wengi wao wasio na majina. Novemba 12, 2024 waliifunga Duke 77 kwa 72. Walimaliza msimu wakiwa wameshinda mechi 24 na kupoteza 12, wakafika kumi na sita bora kwa mara ya kwanza tangu 2019. Calipari naye alirudi Rupp Arena na Arkansas tarehe 1 Februari 2025, akazomewa, akashinda 89 kwa 79. Mwezi Machi aliiondoa St. John's ya Rick Pitino, yaani mwalimu wa Pope, akafika kumi na sita bora vilevile. Mume na mke walioachana wakafanikiwa kila mmoja kwake: nani sasa alikuwa na kosa?

Jibu langu ni kwamba Calipari hakusahau kufundisha. Alidumu mahali pamoja mpaka matarajio ya watu na njia yake vikapishana. Kocha anaweza kuwa mzuri na asiwe mzuri tena hapo alipo. Hili mashabiki hawalipendi kwa sababu linawanyima mtu wa kuhukumu, lakini ukiliangalia soko la makocha duniani utaliona kila msimu.

Historia ya Kentucky yenyewe ina onyo ambalo wazee wa pale wanalikumbuka. Tubby Smith, kocha wa kwanza Mweusi wa chuo hicho, alitwaa ubingwa msimu wake wa kwanza, 1998. Miaka tisa iliyofuata alishinda sana lakini hakurudi kwenye nne bora. Walimpachika jina la dhihaka kwa kuhesabu mechi alizopoteza kila mwaka, wakamsumbua mpaka mwaka 2007 akaenda zake Minnesota. Mashabiki walipata walichokitaka. Akaletwa Billy Gillispie, jina lililokuwa linavuma wakati ule. Alidumu misimu miwili, na mwaka 2009 Kentucky ikakosa mashindano ya kitaifa kwa mara ya kwanza tangu 1991. Baada ya yeye ndipo akaja Calipari. Umati ulikosea mwaka 2007 na ukawa sahihi mwaka 2024, kwa sauti ile ile na kwa uhakika ule ule.

Sasa nenda Washington, mji mkuu. Chuo Kikuu cha Georgetown ndicho kilichompokea kijana mwingine wa Kongo, Dikembe Mutombo, aliyetoka Kinshasa mwaka 1987 akiwa na ufadhili wa masomo na nia ya kuwa daktari. Kocha John Thompson alimwona, akamwingiza uwanjani. Thompson alikuwa kocha wa kwanza Mweusi kutwaa ubingwa wa vyuo, mwaka 1984, lakini wanafunzi wake hawamkumbuki kwa hilo peke yake. Ofisini kwake aliweka mpira usio na upepo, ili kila kijana anayeingia ajiulize atakuwa nani siku upepo utakapokwisha. Januari 1989, Mutombo akiwa kwenye kikosi, Thompson alitoka uwanjani kabla ya mechi na Boston College, akipinga kanuni ambayo ingewanyima ufadhili vijana maskini waliofeli vigezo vya mitihani ya kuingilia chuo. Aliwaacha wasaidizi wake waendeshe mechi. Mutombo alihitimu mwaka 1991 akiwa amesoma isimu na diplomasia. Mwaka 2007 alifungua Kinshasa hospitali yenye jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo. Alifariki Septemba 30, 2024, na Kongo nzima ikalia.

Mimi namweka Thompson juu ya makocha wote niliowataja, na sifichi. Lakini tazama kilichoipata timu yake. Baada ya miaka ya kuyumba, mwaka 2017 Georgetown ilimwajiri Patrick Ewing. Hakuna mcheza kwao zaidi ya huyo duniani. Ndiye aliyekuwa nguzo ya ubingwa wa 1984, mwana wa Thompson kwa kila maana, mchezaji mkubwa kuliko wote waliopita chuoni hapo. Mwaka 2021 alishinda taji la ligi yao. Msimu uliofuata akapoteza mechi zote 19 za ligi hiyo. Msimu wa 2022/23 alishinda 7 akapoteza 25, na Machi 2023 chuo kikamwondoa mtu ambaye sanamu lake lingestahili kusimama mlangoni. Akaletwa mgeni, Ed Cooley, aliyekuwa ameifikisha Providence mbali. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Msimu wa kwanza wa mgeni: ushindi 9, vipigo 23.

Kwa hiyo mwana wa nyumbani aliinyanyua Kentucky na mwana wa nyumbani akaizamisha Georgetown. Mgeni wa Georgetown hakuponya chochote mwaka wake wa kwanza. Anayetaka kanuni ya kuchagua kocha kwa kuangalia anatoka wapi, ataitafuta hadi azeeke.

Rwanda imeupitia mjadala huu kwa njia yake, na kwa kasi. Mwaka 2019 ulifunguliwa Kigali Arena, leo BK Arena, ukumbi wa watu 10,000. Mei 16, 2021 ligi ya kikapu ya Afrika, BAL, ilianza hapo kwa Patriots, klabu ya Kigali, kuwafunga Rivers Hoopers wa Nigeria 83 kwa 60. Dunia nzima iliongea juu ya mwanamuziki J. Cole aliyevaa jezi ya Patriots. Walioutazama mchezo wenyewe walimwangalia mtu mwingine: kocha Alan Major. Huyu alikuwa amefundisha chuo cha Charlotte tangu 2010, akaachana nacho mwaka 2015 baada ya misimu iliyoandamwa na matatizo ya afya. Chuo kilimwona amekwisha. Kigali aliifikisha Patriots nusu fainali na kumaliza ya nne Afrika.

Kuanzia hapo milango ilikuwa wazi. Mwaka 2022 REG, klabu nyingine ya Rwanda, ilimleta kocha Robert Pack, aliyecheza NBA miaka mingi. Ilitamba Dakar kwenye hatua ya makundi, ikarudi Kigali mbele ya watu wake na kutolewa robo fainali na FAP ya Kamerun. Mwaka 2024 klabu ya APR ilikwenda Dakar na kocha Mazen Trakh, haikuvuka makundi. Mwaka 2025 APR hiyo hiyo, sasa chini ya Mmarekani James Maye, ilifika Pretoria na kushika nafasi ya tatu, matokeo bora ambayo klabu ya Rwanda ilikuwa imewahi kuyapata katika ligi hiyo hadi wakati huo.

Wenye kusema tuachane na wageni wana la kusema, nami nawasikiliza. Moise Mutokambali alibeba timu ya taifa kwa miaka ambayo hakukuwa na ukumbi wa maana wala kamera. Henry Mwinuka wa Tanzania alifundisha Patriots. Watu kama hawa waliwafundisha wachezaji wakiwa bado wanajikwaa, kisha ukumbi ulipong'aa wakaja wengine kusimama kwenye taa. Malalamiko hayo ni ya kweli. Kocha wa kigeni wa miezi minne anaikuta timu imeiva na anaiacha bila kujua majina ya makinda wa chini. Akifaulu anapata kazi kwingine. Akishindwa anapata ndege.

Lakini mtazame Cheikh Sarr. Ni Msenegali, mwenye shahada ya udaktari, aliyeiongoza Senegal kuifunga Croatia kwenye Kombe la Dunia la 2014. Rwanda ilimkabidhi timu za taifa, naye hakuja kwa mashindano mamoja. Mwaka 2023, katika AfroBasket ya wanawake iliyochezwa Kigali, wasichana wa Rwanda walifika nusu fainali na kumaliza wa nne. Huyo ni mgeni kwa pasipoti, lakini alikaa kiasi cha kujulikana na kujua. Na Pope, yule mcheza kwao wa Kentucky? Hakuzaliwa Kentucky. Alikulia jimbo la Washington, upande wa pili wa nchi, akaanza chuo huko huko, akahamia Lexington akacheza misimu miwili tu. Miaka karibu thelathini baadaye umati ulimlilia kama mtoto wa tumbo lao. Kilichomfanya wa kwao ni kile alichokitoa akiwa pale, na kwamba hakukikana alipoondoka.

Rusizi inapaswa kulielewa hili kwa wepesi kuliko miji mingi. Hapa mtu anaweza kuzaliwa Bukavu, akasoma Huye, akaoa Kamembe na akazikwa Bugarama, na majirani wote wakamwita wao. Mji wa namna hii hauna sababu ya kumpima kocha kwa upande wa mto aliotokea.

Ukirudi kwenye vyuo vyetu, hali ni tofauti na Lexington kwa fedha, lakini tatizo ni moja. Timu za vyuo kama UR-Huye, IPRC-Huye na IPRC-Kigali zimecheza ligi kuu ya kikapu ya Rwanda zikipambana na klabu zenye mishahara. Mwanafunzi akipevuka, REG, APR au Patriots humchukua, na asipochukuliwa huhitimu. Kila Septemba kocha huanza upya, sawa na Pope aliyekuta chumba kitupu, isipokuwa hapa hakuna dola za kununua wachezaji wengine. Shabiki anayemwona kocha huyo akipoteza mechi nane kati ya kumi na kupiga kelele kwamba aondoke, anamhukumu kwa kazi ambayo hakupewa vifaa vyake. Na kiongozi anayemfukuza ili kuwanyamazisha mashabiki anamwita mwingine aje kuanza Septemba ile ile.

Nimewahi kukaa pembeni ya mabishano ya namna hii, mzee mmoja na kijana mmoja, kiwanjani karibu na ziwa. Kijana alitaka timu yao ya wanafunzi iletewe kocha kutoka Kigali.

"Mzee, hawa wetu wamechoka. Hawana mbinu mpya."

"Huyo wako wa Kigali," mzee akamjibu, "atalala wapi, mwanangu? Atalipwa na nani mwezi wa tatu? Na watoto wakifeli mtihani, atakwenda kwa mwalimu mkuu kuwaombea, au atasema yeye ni wa mpira tu?"

Kijana alikuwa na hoja ya mbinu, na mbinu si jambo dogo. Oakland iliwafunga matajiri kwa mpango mzuri na mtu mmoja asiyeogopa kutupa. Mzee alikuwa na hoja ya muda, ujira na malezi. Kwa timu ya wanafunzi mimi nasimama na mzee, kwa sababu kijana wa miaka 19 anapita chuoni mara moja tu, na mtu anayekaa naye saa mbili kila jioni humfundisha mengi kuliko mtupo wa kona.

Tofauti zao zilikuwa za kweli, na hazikuisha jioni ile. Kabla hawajaachana, hata hivyo, kijana aliuliza swali ambalo sijawahi kulisikia likiulizwa katika mkutano wa wanachama wa timu yoyote: mkataba wa kocha aliyepo unaisha lini, na umeandikwa nini ndani yake? Mzee hakujua. Wakakubaliana kwenda pamoja ofisini Jumatatu kuuliza.